Maarifa Yauzwe, Lakini Deni Lilipwe

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Kyela hupita ubavuni mwa mlima Rungwe, akaukuta mji wa Tukuyu juu ya vilima vyake, na huku na huku mashamba ya chai, migomba na miparachichi. Mvua ya huko ni nyingi, na mito haikauki. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa nguvu kati ya mawe, na yote humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Mgeni huusifu uzuri huo. Lakini wenyeji wa kando ya mito wamejua kwa miaka mingi kwamba maji yaendayo mbio yana adui. Ni inzi mdogo mweusi azaliaye penye maporomoko, ambaye akimwuma mtu aweza kumwachia mbegu ya minyoo. Minyoo hao huzaa watoto maelfu wasioonekana kwa macho, nao hutembea chini ya ngozi. Mtu hujikuna usiku kucha. Ngozi hukunjamana na kubadilika rangi kabla ya uzee. Na watoto wa minyoo wakifika machoni na kufia humo, miaka ikipita huweza kumfanya kipofu. Huo ndio ugonjwa wa usubi.

Twautaja ugonjwa huu si kwa kutaka kufundisha uganga, kazi ambayo wenyewe waifanya vizuri zaidi. Twautaja kwa kuwa dawa yake ina habari iwezayo kutuongoza katika jambo linaloulizwa sana siku hizi katika vyuo vikuu vyetu. Je, mtafiti aliyegundua kitu cha kuwafaa watu, yampasa kukifanyia biashara? Akikifanyia biashara, atenda mema, au auza kisichofaa kuuzwa? Na chuo kikimsaidia kutafuta mtaji, mkataba na wanunuzi, chaitumikia elimu, au chaigeuza kuwa duka?

Swali hili si la maprofesa peke yao. Wazazi wengi wasomao gazeti hili wameuza ng'ombe, au kahawa, au majani ya chai, ili mtoto wao afike chuo kikuu. Mtoto huyo akija likizo na kusema amevumbua jambo katika maabara, nyumba nzima hufurahi. Akisema sasa ataka kufungua kampuni, wengine huguna: “Tulikusomesha uwe mtaalamu, si mchuuzi.” Wengine humwuliza mara moja atapata fedha kiasi gani, wala hawaulizi jambo jingine. Sisi twaona kwamba wote wawili wana haki kidogo, na wote wawili wamesahau kitu. Basi tuanze na habari ya dawa yenyewe.

Mwaka 1974 mtaalamu wa Japani aitwaye Satoshi Ōmura, wa Taasisi ya Kitasato, alipata udongo kutoka mahali paitwapo Kawana, katika mji wa Ito, karibu na uwanja wa gofu. Yeye ni mwana wa wakulima, na desturi yake ilikuwa kutembea na vifuko vidogo vya kutilia udongo, kwa kuwa alijua ya kuwa udongo una viumbe vidogo vyenye nguvu ya kufanya dawa. Katika udongo ule walipatikana bakteria ambao hawakuwa wamejulikana. Lakini bakteria ndani ya chupa si dawa. Ōmura hakuwa na kiwanda, wala fedha za kujaribu vitu maelfu juu ya wanyama. Alichokuwa nacho ni mkataba. Mwaka 1973 Taasisi yake ilikuwa imepatana na kampuni ya Merck ya Marekani: kampuni itoe fedha za utafiti, ipewe haki ya kutengeneza na kuuza kitakachopatikana, nayo ilipe Kitasato mrabaha, yaani sehemu ya fedha ya mauzo.

Bakteria wale wakapelekwa New Jersey. Huko William Campbell na wenzake walijaribu juu ya panya wenye minyoo, wakaona minyoo wamekwisha. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana dawa ya ivermektini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1981 kwa ajili ya mifugo. Wafugaji wa nchi tajiri waliinunua kwa wingi, ikawa miongoni mwa dawa za mifugo zilizouzwa kuliko zote duniani. Mwaka huohuo daktari mmoja wa kampuni ile, Mohammed Aziz, mzaliwa wa Bangladeshi, akaanza kuijaribu kwa watu wenye usubi huko Dakar, Senegal. Ikaonekana kwamba kuimeza mara moja kwa mwaka kwatosha kuwamaliza watoto wa minyoo na kuyaokoa macho.

Hapo ndipo ulipozuka ugumu. Waliohitaji dawa hiyo walikuwa watu wa kandokando ya mito ya Afrika, watu wasio na fedha ya kununua. Kampuni ilitafuta mtu mwingine wa kuilipia, haikumpata. Mwezi Oktoba 1987 mkuu wake, Roy Vagelos, akatangaza kwamba dawa itatolewa bure kwa wenye usubi, kwa wingi wowote utakaohitajika na kwa muda wote utakaohitajika. Ahadi hiyo yaendelea kutimizwa.

Kwa njia hiyo udongo wa Ito umewafaa watu wa Rungwe, Busokelo, Kyela na Ileje. Wanavijiji huchagua wagawaji miongoni mwao. Mgawaji huja na kijiti chenye alama, humsimamisha mtu kando yake, na kwa kimo chake hujua ampe vidonge vingapi. Mzee hupewa, kijana hupewa. Mama mjamzito na mtoto mdogo huachwa. Mwaka ujao kazi hurudiwa, kwa maana dawa haiwaui minyoo wakubwa, nao huweza kuishi mwilini zaidi ya miaka 10. Mwaka 2015 Ōmura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel, na ulimwengu ukawapigia makofi. Wagawaji wa vijijini nao waliendelea kupanda na kushuka vilima na vijiti vyao.

Habari hii yatufundisha kwanza neno ambalo watu wa dini na watu wa elimu hawapendi sana kulisikia: bila biashara, macho yale yasingaliokolewa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli kwa chungu au mkungu wa ndizi, ambao mnunuzi huushika na kuugeuza kwa mikono yake. Si kweli kwa ugunduzi. Ugunduzi, hata ukiwa mzuri namna gani, hulala. Wahitaji kujaribiwa mara nyingi, wahitaji kibali cha mamlaka ya dawa au cha shirika la viwango, wahitaji kiwanda, ghala, gari na mtu wa kuueleza. Yote hayo ni fedha, na mara nyingi ni fedha nyingi kuliko zile zilizotumika katika maabara. Mtu atakayezitoa atataka kujua zitarudi kwa njia gani.

Tuingie katika maktaba ya chuo chochote chetu. Tutakuta rafu zilizojaa tasnifu juu ya mbegu, maji, maziwa, chai, miti ya dawa na magonjwa ya migomba. Ni kazi ya akili njema, iliyolipiwa na jasho la wazazi na kodi ya wananchi. Ngapi kati ya hizo zimefika kwa mkulima wa Masoko au Mwakaleli? Serikali yetu imeanza miaka hii kuwatuza wanazuoni wanaochapisha makala katika majarida makubwa ya dunia, na twaipongeza. Lakini jarida la kigeni halisomwi shambani. Mwenye kugundua dawa ya ugonjwa wa mgomba, akaiandika vizuri, akapandishwa cheo, kisha akaiacha rafuni, hakumwibia mtu. Lakini amefanana na mtu aliyechimba kisima, akakifunika, akaenda zake.

Kwa hiyo twasema wazi: kumsaidia mtafiti aupeleke ugunduzi wake sokoni ni kazi ya heri, na chuo kifanyacho hivyo hakijaisaliti elimu. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina wajibu huo. Na mashindano ya kitaifa ya ubunifu, yaliyoanza mwaka 2019, yamewaonyesha watu wengi kwamba vipaji havikosekani. Wengi hukosa mtu wa kuwaambia mambo madogo ambayo yakikosewa huharibu makubwa. Jambo mojawapo ni hili: katika nchi nyingi, mtafiti akitangaza uvumbuzi wake hadharani kabla ya kuomba hataza, hawezi tena kuipata, maana jambo si jipya tena. Kijana husimama katika mkutano, akaeleza yote kwa furaha, akashangiliwa, na siku ileile haki yake ikatoweka. Mzee wa kazi angalimwambia, “Subiri, mwanangu, andikisha kwanza.”

Labda msomaji atasema: “Na iwe hivyo. Mwenye moyo mwema hahitaji hataza. Awape watu bure.” Ni neno zuri, na historia imelijaribu. Wakati wa vita kuu ya pili, wataalamu wa Oxford walifanikiwa kuifanya penisilini iwe dawa ya kuponya watu. Mmoja wao, Ernst Chain, alishauri waandikishe hataza. Wakubwa wa uganga wa Uingereza wakamwambia kwamba si adabu kwa waganga kufanya hivyo. Basi hawakuandikisha. Wamarekani wakatafuta njia ya kuitengeneza dawa ile kwa wingi, wao wakaandikisha njia zao, na baadaye viwanda vya Uingereza vikalazimika kulipa ili kuzitumia. Mlango usiofungwa na mwenye nyumba waweza kufungwa na mpita njia.

Wagunduzi wa insulini walikuwa wameona mbali zaidi. Mwaka 1923 waliikabidhi haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto, kila mmoja kwa dola 1, ili chuo kiishike hataza hiyo, asije mtu mwingine akaitwaa na kuwafungia wagonjwa. Kwao hataza ilikuwa kama ua wa kulinda shamba la wote. Hata hivyo, miaka 100 imepita, na bado wako wagonjwa wa kisukari wasioweza kununua insulini. Nia njema ya mwanzo pekee haitoshi. Yahitaji mtu wa kuilinda siku zote.

Tena yuko mtafiti mwenyewe. Naye ana tumbo, ana nyumba, ana watoto wa kusomesha. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba ujira wa haki si sadaka. Miaka 100 baadaye, mwaka 1991, Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba katika nyakati zetu maarifa na ufundi vimekuwa aina ya mali, yenye uzito usiopungua ule wa ardhi. Basi kama haifai kumnyang'anya mkulima shamba lake, haifai pia kumnyang'anya mtafiti matunda ya akili yake.

Watu wa Rungwe wana mfano wa jambo hili katika mashamba yao. Parachichi linaloitwa Hass, ambalo siku hizi huvunwa huko na kusafirishwa ng'ambo, lina jina la mtu. Rudolph Hass hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa posta huko California, aliyeotesha mti katika kishamba chake na kuona kwamba matunda yake si ya kawaida. Mwaka 1935 alipata hataza juu ya mti huo. Lakini wakulima walinunua mche mmoja, kisha wakakata vikonyo na kuunganisha miti mingi wenyewe. Yasemwa kwamba katika maisha yake yote haki ile ilimpatia kiasi cha dola 5,000 tu, naye alifariki mwaka 1952. Leo matajiri wamepata utajiri, na wakulima wadogo wamepata mabati na karo za shule, kwa tunda la mtu ambaye hakulipwa kwa kadiri ya alichowapa watu.

Lakini tuutazame mfano huo upande wa pili. Ingalikuwaje kama haki yake isingalikuwa na mwisho, na kila mwenye kuunganisha mche hata leo angalipaswa kwanza kumlipa mrithi wake? Labda mti ule usingalifika Rungwe. Ndiyo maana sheria za nchi zimeiwekea hataza muda, kwa kawaida miaka 20, kisha maarifa huwa ya wote. Mwenye akili apewe nafasi ya kuvuna, wala asipewe nafasi ya kuzuia milele. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha tangu zamani kwamba mtu aweza kuwa na mali yake mwenyewe, lakini katika kuitumia awe tayari kuwashirikisha wahitaji. Neno hilo alilisema juu ya mali zote, nasi twaona lafaa zaidi kwa maarifa. Kwa kuwa mkate ukigawanywa hupungua, bali maarifa yakigawanywa hayapungui.

Sasa twafika kwenye jambo tunalotaka hasa kulisema. Ugunduzi una mzazi mmoja anayetajwa, lakini una wazazi wengi wasiotajwa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake Tukuyu, na watafiti wameuchunguza usubi wa sehemu hizo kwa miaka mingi. Njia ya zamani ya kuutambua ugonjwa huo ni kukata kijipande kidogo sana cha ngozi ya mtu, kukitia majini, na kutazama kwa hadubini kama watoto wa minyoo watatoka. Maana yake ni kwamba popote usubi ulipochunguzwa, watu wa kijijini walisimama kwenye mstari, wakatoa ngozi yao. Hawakuulizwa hisa katika kampuni. Walifanya hivyo kwa kutumaini kwamba kitakachojulikana kitawafaa wao, au watoto wao, au watu wengine wa mbali.

Kwa hiyo kila mtafiti huanza kazi yake akiwa na deni. Awiwa na waliotoa damu na ngozi; awiwa na bibi aliyemwonyesha mti wa dawa; awiwa na mkulima aliyetunza mbegu ambayo yeye ameichukua na kuiboresha; awiwa na mlipa kodi aliyejenga maabara. Deni hilo halimkatazi kuuza. Lakini lamkataza kuuza kwa namna ambayo wale anaowiwa nao watakuta mlango umefungwa.

Mwaka 2000 majirani zetu wa Kenya walionja uchungu wa jambo hili. Watafiti wa Nairobi na wa Oxford walikuwa wakishirikiana kutafuta chanjo ya UKIMWI, kazi iliyotokana na uchunguzi wa wanawake wa Nairobi ambao, ingawa waliishi katika hatari kubwa, baadhi yao hawakuambukizwa. Ikajulikana kwamba hataza imeombwa bila kuwataja washiriki wa Kenya. Kukawa na malalamiko makubwa, hata mapatano yakarekebishwa. Chanjo yenyewe baadaye haikuleta kinga iliyotarajiwa, na kwa hiyo hapakuwa na faida ya kugombea. Lakini somo lilibaki: mapatano yaandikwe kabla ya kazi, si baada ya kilio.

Hapa hatuna budi kuirudia habari ya usubi na kuitazama kwa macho makali zaidi. Twaisifu kampuni iliyotoa dawa bure. Ilitenda jambo ambalo wengi wasingalitenda. Fedha za mifugo ya matajiri zilisaidia kuyaokoa macho ya maskini, na hilo si jambo la kudharau. Lakini tujiulize: kama mwaka 1987 pale juu pangalikuwa na mkuu mwingine, mwenye moyo mgumu zaidi, mtu wa bonde la Kiwira angalifanya nini? Asingalikuwa na hati yoyote ya kudai kitu. Macho yake yalitegemea wema wa watu wasiomjua. Wema huo ulikuwapo, na twashukuru. Hata hivyo, kilichokuwa fadhila kwa bahati chapasa kuwa haki kwa mkataba. Fadhila hupokewa kwa mikono miwili, na haki huandikwa.

Basi tukiviambia vyuo vyetu viwasaidie watafiti kuingia sokoni, twaviambia pia viingie na masharti yao mkononi. Kwanza, katika kila mkataba wa kuuza haki ya ugunduzi, iandikwe kwamba katika nchi yetu, na hasa kwa watu walioshiriki katika utafiti, kitu hicho kitapatikana kwa bei wanayoiweza. Pili, iandikwe kwamba mnunuzi akikaa na haki hiyo miaka kadhaa bila kuitumia, irudi kwa chuo. Maana wako wanunuao uvumbuzi ili kuuzika, usije ukaharibu biashara yao ya zamani. Tatu, sehemu ya mrabaha imwendee mtafiti pamoja na wasaidizi wake wa maabara na wa shambani, na sehemu nyingine irudi kwa watu. Taasisi ya Kitasato ilitumia mrabaha wake kujenga hospitali katika mji wa Kitamoto, iliyofunguliwa mwaka 1989. Ikiwa udongo wa gofu uliweza kuzaa hospitali, udongo wa Rungwe washindwaje kuzaa hata zahanati?

Tunajua jibu la wafanya biashara: “Mkiweka masharti, wenye mitaji watakimbia.” Wengine watakimbia kweli. Lakini tufikiri pamoja. Kwa dawa au chombo kiuzwacho Ulaya na Marekani, faida kubwa hutoka huko; bei nafuu kwa mtu wa Tukuyu haimpunguzii tajiri kitu cha kumfanya alale njaa. Mwenye mtaji akilikataa hata sharti hilo dogo, ni heri tumjue mapema.

Ugumu wa kweli uko kwenye vitu ambavyo mnunuzi wake pekee ni maskini mwenyewe. Mbegu, chombo cha kusafisha maji, chanjo ya kuku: vitu hivi havina tajiri wa ng'ambo wa kuvilipia. Hapo kutoa bure si kazi ya kampuni changa, kwa maana itakufa kabla ya mwaka kwisha, na huduma itakufa pamoja nayo. Yafaa kutafuta njia, kama alivyofanya mtaalamu wetu Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha. Alibuni chujio la maji litumialo mchanga pamoja na chembe ndogo mno zilizotengenezwa katika maabara, na mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Uhandisi itolewayo na chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza. Wengi waliziona zile pauni 25,000 za tuzo. Sisi twapenda kutaja kwamba washindani walipewa pia mafunzo na washauri wa biashara, jambo ambalo mtu wa maabara hulihitaji sana. Na kwa kuwa jamaa nyingi haziwezi kununua chujio zima, wachuuzi wadogo waliwezeshwa kuwa na chujio na kuuza maji safi kwa kipimo kidogo. Mtu hakupewa bure, wala hakufungiwa mlango.

Lakini onyo moja hatutaliacha. Chuo kikianza kuhesabu thamani ya kila mtafiti kwa fedha anazoleta, hakuna kijana atakayechunguza ugonjwa wa watu wa kando ya mito. Kila mmoja atakimbilia mafuta ya kulainisha ngozi za mijini. Palepale penye ofisi ya kuwasaidia watafiti wafanye biashara, pawe na fungu la fedha kwa utafiti ambao hautauzika kamwe. Usubi ulipata dawa kwa sababu minyoo ya mifugo na minyoo ya watu ni ndugu. Yako magonjwa mengine ya maskini ambayo hayana ndugu katika zizi la tajiri. Hayo nani atayatazama, kama si chuo kilichojengwa kwa kodi za maskini hao?

Basi, wazazi, mtoto akisema ataka kuupeleka uvumbuzi wake sokoni, msimdharau kwa kumwita mchuuzi. Mwulizeni maswali matatu: Umeandikisha? Nani atalipwa pamoja nawe? Na yule aliyekupa mbegu, au damu, au udongo, ataweza kukinunua? Akiwa na majibu, mpeni baraka, na kama mna kidogo, mpeni mtaji. Nanyi wanazuoni, msione haya kujifunza hesabu za biashara kwa watu msiolingana nao kwa shahada. Nao watoa mitaji wakumbuke kwamba wanaponunua hati ya ugunduzi, wananunua pamoja nayo deni lililoandikwa nyuma yake.

Huko Rungwe mgawaji wa kijiji atatoka tena na kijiti chake. Yeye hana hataza, hana mrabaha, na mara nyingi hana hata posho ya viatu alivyovimaliza njiani. Bali bila yeye dawa ya Ito ingeishia bohari. Siku tutakapoandika mikataba yetu ya maarifa, na apewe fungu lake yeye pia.